Harage la Kaka Petro

Harufu ya maharage yaliyopurwa, ile ya vumbi na maganda makavu yaliyochomwa na jua, hunirudisha Nyamahanga, katika kijiji chetu cha ujamaa chenye nyumba zilizopangwa mistari. Mwaka ule wa vita na Uganda, Mwalimu Sabina, mgeni kutoka Morogoro, alitutuma tukaulize nyumbani tuko wangapi, ili atufundishe takwimu. Maskini, hakujua kwamba kwetu watoto hawahesabiwi. Mama alikuwa akipepeta; ungo ukasimama mikononi. "Mwambie mwalimu wako wanaohesabiwa ni mbuzi," alisema. "Mtoto ukimhesabu unampunguza. Na kaka yako yuko vitani." Kaka Petro alikuwa ameondoka na wenzake kwa lori, na tangu hapo hatukupata habari zake.

Karibu darasa zima tulirudi na jibu la namna hiyo. Mwalimu alicheka mpaka akajifuta machozi, kisha akatugawia maharage na kuchora mistari miwili kwenye sakafu ya udongo, mmoja wa waliopo nyumbani, mwingine wa walioondoka. "Basi msihesabu," alisema. "Nisimulieni habari za kila mtu wa kwenu, na ukimaliza kumsimulia umwekee harage kwenye mstari wake." Nikasimulia jinsi bibi anavyosinzia huku anamenya ndizi, na jinsi baba anavyoimba kanisani kwa sauti ya kukimbiza ng'ombe. Nilipofika kwa Petro, aliyekuwa akinibeba mgongoni kuvuka mto wakati wa masika, mkono ulikataa. Kumweka kwa walioondoka niliona ni kama kumzika. Nikamweka nyumbani. Mwalimu aliniangalia tu, akaliacha harage palepale. Wenzangu wenye kaka vitani wakainama, nao wakahamisha maharage yao, mstari wa nyumbani ukafika karibu na mlango. Sijawahi kujisikia salama kama asubuhi ile.

Jioni nilimweleza mama kwa furaha. Ungo ukasimama tena mikononi mwake: harage kwa kila mtu nalo ni kuhesabu. Askari waliporudi, Petro hakuwemo. Mama hakunilaumu hata siku moja, ila hakuniuliza tena tulichojifunza shuleni.

Siku hizi mjukuu wangu hupewa kazi kama ile, lakini yeye huchora kwa rangi kwenye karatasi, wala haogopi kuhesabu mtu. Juzi aliniuliza kwetu tulizaliwa wangapi. Nilimtajia idadi palepale, Petro akiwemo, kisha nikageuka kuangalia mlangoni, isije ikawa mama amenisikia.