VPN Niliyoiweka Kwenye Simu ya Restuta

Ipo Ijumaa moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila ninaposikia kijana anajiandaa kwenda kufanya kazi nje. Siku hiyo nilimwona mama yangu usoni kwa mara ya kwanza baada ya miezi saba. Alikuwa amesimama katikati ya mibuni yake kule kijijini kwetu Poli, kitenge kimefungwa juu ya sweta, ameishika simu ya dada yangu Eliakunda kwa mikono miwili kama bakuli la uji wa moto; hivyo ndivyo dada alivyonisimulia baadaye. Mimi niliona kidevu chake na kipande cha jani la mgomba, basi. Nikalia. Akaniuliza kama nimekula. Kisha akaigeuza simu anionyeshe Mlima Meru, lakini ulikuwa umefunikwa na mawingu, akaniomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyeyaweka.

Nilikuwa bado msichana, sijaolewa, naoka mikate kwenye hoteli moja kubwa katika nchi ya Ghuba. Nchi yenyewe siitaji, maana watu wake wengi walinitendea vizuri. Huko, kupigiana simu za video kwa programu tulizozoea nyumbani kulikuwa kumefungwa. Mwenzangu wa jikoni, Mkenya mmoja, ndiye aliyeniwekea VPN. Kama hujawahi kuitumia, hiyo ni programu inayopitisha mawasiliano ya simu yako kwenye njia ya pembeni, mtandao ukaona kama uko nchi nyingine. Nilimuuliza kama inaruhusiwa. Akasema kila mtu anatumia. Sikuuliza zaidi, kwa sababu nilikuwa nimeshamwona mama.

Chumbani kwetu alikuwepo Restuta, binti wa Karatu aliyefanya kazi ya kufua. Alikuwa amemwacha mtoto wake wa kike kwa bibi yake akiwa na miezi minane. Mimi nilipoongea na mama siku za Ijumaa, Restuta alikuwa anageukia ukutani akijifanya amelala. Wiki ya tatu nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia alete simu yake. Akasita, akaniuliza kama hakuna matatizo.

Nikamjibu, "Hakuna shida. Kila mtu anatumia."

Maneno yale yale niliyopewa mimi, nikampa yeye, nami nikayasema kwa uhakika zaidi. Tangu hapo Restuta akawa mtu mwingine. Alimwona mwanawe akitambaa, akisimama kwa kushika stuli, akitembea. Mtoto alijifunza kuiita simu "mama", nasi wote chumbani tulicheka, isipokuwa Restuta.

Kisha siku moja mgeni wa hoteli alilalamika kwamba mfanyakazi amempiga picha. Simu za watu wote wa kufulia zikakaguliwa. Kwa Restuta hawakukuta picha yoyote ya mgeni. Walikuta VPN. Meneja alimweleza kwamba sheria ya nchi ile inakataza kutumia kitu hicho kufungulia kilichofungwa, na kwamba angeweza kumkabidhi kwa polisi. Kwa huruma yake angemrudisha kwao tu. Akamuuliza ni nani aliyemwekea. Restuta akasema ameiweka mwenyewe.

Hayo alinisimulia akiwa anakunja nguo zake kuziweka kwenye begi. Mkataba wake ulikuwa umebakiza zaidi ya mwaka mzima. Ofisi ya meneja ilikuwa ngazi moja tu chini ya jiko letu, mwanangu. Nilikuwa na muda wa saa tatu kabla gari la uwanja wa ndege halijaja. Nilirudi jikoni nikakanda unga. Nilikanda unga mwingi kuliko uliohitajika siku ile, na sikushuka ngazi.

Ijumaa iliyofuata nilimweleza mama kila kitu. Nilitegemea anionee huruma, anipe pole kwa kumpoteza rafiki. Alinisikiliza mpaka mwisho. Mama hakuwa mtu wa kupaza sauti; hata kanisani walimpita wote kwa kuimba. Akausogeza uso karibu na simu, nikamwona vizuri kuliko siku zote.

"Wewe umekaa, unaniona mimi," akasema. "Yeye aliyekuficha umemfanyia nini?"

Akaniambia nikitoe kitu kile kwenye simu, nimpigie kwa simu ya kawaida hata kama ni kwa dakika chache, yeye sauti itamtosha. Na akaniapisha kwamba siku nitakayorudi nitamtafuta Restuta kabla sijaanza kutembelea ndugu. Nikaifuta VPN siku hiyo hiyo. Tukabaki na sauti. Nilijifunza kusikia kama anatabasamu, kama amechoka, kama anasemea jikoni au nje. Miezi minane kabla mkataba wangu haujaisha, Eliakunda alinipigia siku ambayo haikuwa Ijumaa. Sikumwona mama tena. Uso wake ninaoukumbuka ni ule wa siku aliyonikemea, na huwa natamani ungekuwa mwingine, kisha nafikiri, hapana, acha uwe huo huo.

Niliporudi nilikwenda kaburini, halafu nikaanza kumtafuta Restuta. Nilimpata mtaa wa Olasiti, amepanga chumba, anashona sare za shule. Mtoto alikuwa amekua, akaniamkia shikamoo akakimbilia nje. Restuta alinikaribisha chai. Nikamwomba msamaha nikiwa nimesimama, kwa kuwa nilishindwa kukaa.

Akaniambia, "Kunambia hakuna shida, ulikuwa hujui, sina neno. Lakini kunyamaza ulikuwa unajua."

Halafu akasema amenisamehe, na naamini ni kweli. Akanisindikiza mpaka barabarani. Lakini ule urafiki wa chumbani, wa kugawana mkate uliovunjika na kucheka mpaka tunagongewa ukuta, haukurudi. Baadaye alihamia Mwanza. Tunasalimiana kwa sikukuu. Ninamkumbuka kuliko anavyojua.

Sasa sikiliza, mwanangu. Sikwambii VPN ni kitu kibaya. Ziko nchi ambako ni jambo la kawaida, ofisi na benki zinaitumia kulinda mambo yao. Ziko ambako inaruhusiwa, ila unachokifanya nayo ndicho kitakachokupeleka mahakamani. Ziko zinazotaka kibali, na ziko zisizotaka hata kuisikia. Hata hapa kwetu kuna kanuni zake, na watumiaji wamewahi kutakiwa kutoa taarifa kwa mamlaka, kwa hiyo usijidanganye kwamba ukiwa nyumbani huna cha kuuliza. Simu ni ile ile mfukoni, lakini ukishuka kwenye ndege sheria imebadilika. Uliza kabla ya kusafiri, na uliza wanaojua: ubalozi, mwajiri, aliyeandika mkataba wako. "Kila mtu anatumia" si jibu la swali ulilouliza. Ukiwa hujui, mwambie mwenzako hujui; usimpe uhakika ambao wewe mwenyewe huna. Na ikitokea mtu amekamatwa kwa jambo ulilomwingiza wewe, shuka ngazi. Shuka siku hiyo hiyo, hata ukiwa unaogopa. Mimi nimezipanda na kuzishuka nyingi tangu hapo, na ile niliyoiacha ndiyo inayoniuma.

Nenda salama. Mungu akutangulie kwenye kila mpaka utakaouvuka, akupe marafiki usiowaponza na wasiokuponza, na siku utakayorudi uwakute unaowapenda wakiwa hai, wamesimama mlangoni, uwatazame usoni mpaka utosheke.