Rangi ya Bluu Ndani ya Mzinga

Ilianza Jumatano, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, Mratibu alipobandua kifuniko cha kopo la rangi kwa ncha ya bisibisi. Muda naukumbuka vizuri kwa sababu alikuwa amevua saa yake akanipa niishike isichafuke. Nimesimama pale na saa ya mtu mkononi, sufuria ya uji miguuni, nikamwona anachovya brashi na kuanza kupaka mzinga ndani. Ndani kabisa, si nje tu.

Tulikuwa Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, siku ya tisa tangu tutoke Manyoni. Kikundi chetu kilikuwa cha vijana wa kujitolea, watu kumi na mmoja, wengi wao wa Singida Mjini. Mfadhili alikuwa ametoa nauli, misumari na hiyo rangi, ili twende tukawatengenezee mizinga watu waliorudi kwao baada ya vita. Mbao walipasua wenyewe. Siku hizi kila mahali kuna mradi, na kila mradi una mratibu wake. Wetu alikuwa na kofia yenye nembo, na alikuwa amehudhuria semina ya ufugaji nyuki, ya siku mbili.

Mimi kwetu ni Rungwa. Babu ni mrina asali, na mizinga yake ya magogo iko porini tangu kabla mama hajazaliwa. Kati ya watu wote kumi na mmoja, ni mimi peke yangu niliyewahi kuona mzinga una nyuki. Nikapewa kazi ya kupika.

Sikulalamika. Huo ndio ugonjwa wangu, silalamiki, naandika.

Babu siku ya kwenda kwenye mizinga haogi kwa sabuni ya kunukia. Sasa hivi sabuni za kila namna zimefika hadi duka la kwetu, na mjomba alimletea moja ya kijani, imefungwa kwenye karatasi yenye picha ya mwanamke anacheka. Babu aliinusa, akampa bibi akafulie mablanketi. Mzinga mpya huufukiza moshi, akaupaka nta, akauacha. Mzinga wenye harufu ngeni, nyuki wataukaribia, watauzunguka, watakwenda zao. Kwetu hilo hata mtoto anayechunga mbuzi analijua. Mjini hawalijui, na siwezi kuwalaumu kwa kutolijua. Nawalaumu kwa kutouliza.

Ingekuwa mizinga ya maonyesho ningenyamaza. Lakini kila kaya ilikuwa imeambiwa ichague kitu kimoja tu: mzinga, au jembe pamoja na mbegu za mahindi. Mama niliyekuwa nalala kwake, mjane mwenye watoto wawili wadogo, alichagua mzinga. Nilijua kosa ni langu. Yeye alikuwa ameishi upande wetu miaka mingi ya ukimbizi, Kiswahili chake ni cha Songea kabisa, na mimi nisiyeweza kusema mbele za watu, jioni kwake nilikuwa nasema mpaka moto unazimika. Nilimweleza asali ya Rungwa. Nilimweleza watu wanaokuja na madebe kutoka Itigi kuinunua. Nadhani niliongeza na chumvi. Na kesho ya Jumatano hiyo, Alhamisi, saa nne, picha zingepigwa, orodha ya nani kachagua nini ingefungwa, nasi tungeondoka.

“Mama Ntilie,” mvulana mmoja wa kidato cha nne aliniita, yule anayejifanya msemaji wa wote, “uji umeiva au tunywe rangi?”

“Ile rangi,” nikasema.

“Imefanyaje?”

“Hamna kitu.”

Nikawagawia uji. Mizinga sita ilikuwa imeshakuwa ya bluu. Nikaenda nyuma ya jiko, nikachana karatasi katikati ya daftari hili, nikaandika: Shikamoo Mratibu. Naomba tusipake rangi ndani. Nyuki hawataingia. Babu yangu ni mrina asali, yeye hata sabuni haogi. Nikaikunja mara nne, nikampelekea pamoja na saa yake.

Aliifungua palepale. Akaisoma kwa sauti, polepole, kama tangazo la kanisani. Alipofika kwenye sabuni hakuna aliyebaki na brashi mkononi kwa kicheko.

“Jamani, kumbe bubu wetu ana kalamu,” msemaji akasema. “Kwa hiyo babu yako hanuki tu, ananuka kitaalamu.”

Mratibu aliwanyamazisha. Si mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana mtu mbaya ningemchukia nikapumzika. “Mdogo wangu,” akaniambia, “babu yako namheshimu. Lakini haya mambo yana utaratibu. Mfadhili anataka kuona kazi. Wenzetu walipeleka picha za mbao tupu, wakaulizwa haya masanduku ni ya nini.”

“Kwani ndani nani ataona?” Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, nikashangaa.

“Vifuniko vitakuwa wazi. Picha zinapigwa kwa juu.” Halafu akafutia vidole vyake kwenye karatasi yangu, bila ubaya wowote, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mkononi. Nikaliona neno babu linageuka bluu.

Mchana maharage yaliungua. Sikuyaunguza makusudi. Nilisikia harufu mapema tu, nikaendelea kukaa.

Jioni mama mwenyeji alibeba mzinga wake kichwani hadi nyumbani, anatembea taratibu kama amebeba maji. Akauingiza ndani usipate umande, akauweka karibu na kitanda chake. Nyumba ni chumba kimoja. Watoto wakaanza kupiga chafya, naye akawacheka.

“Mwanangu,” akaniuliza, “watakuja lini?”

“Mvua zikianza, mama. Maua yakitoka.”

Kwa mizinga mingine duniani jibu hilo ni la kweli. Nikalala nimekasirika: namkasirikia Mratibu, na yule msemaji, na zaidi mdomo wangu, ambao ukitakiwa kumsifu babu unafunguka wenyewe, na ukitakiwa kusema sentensi moja yenye faida unakauka.

Asubuhi ya Alhamisi niliamka nikachukua ufagio nikafagia uwanja wake. Yeye alikuwa anakoka moto.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Umeamkaje?”

“Salama. Mama, nyuki hawataingia.”

Nilikuwa nauambia ufagio. Lakini nilipokwisha kuanza, yakatoka yote: harufu, moshi, nta, jinsi wanavyozunguka na kuondoka. Nikamwambia orodha bado haijafungwa. Nikamwambia nitakwenda naye mimi mwenyewe, nitasema mbele ya wote kwamba anabadilisha, achukue jembe na mbegu.

Alisukuma kuni moja ndani, kisha nyingine. “Harufu nimeisikia,” akasema. “Nilidhani ndiyo dawa yake.”

“Si dawa.”

“Haya. Mbegu ningezila kabla ya mvua. Unawaona hawa wawili, na miezi hii hakuna kitu ndani. Jembe ningeliuza tukala tena. Mzinga hauliki, na hapa hakuna wa kuununua. Ndiyo sababu niliutaka.”

Kumbe hadithi zangu hazikuhusika hata kidogo. Niliona aibu, na papo hapo nikahisi mzigo umenitoka.

“Sasa wewe unayejua,” akasema, “rangi inatokaje?”

“Inakwanguliwa.”

Tukautoa uwanjani. Kabla sijaanza alimwita jirani yake kwa lugha yao, akamweleza huku akigusa pua. Jirani alicheka, akajibu maneno machache, akajitwika mzinga wake wa bluu kuelekea uwanja wa picha.

“Anasemaje?”

“Anasema wapigwe picha kwanza, muondoke, halafu watakwangua wote.”

Sijui kama nilipaswa kucheka. Tangu jana nilikuwa nimekosa hewa kwa ajili ya watu ambao, wakiisha kuambiwa, walihitaji sekunde tatu kupata akili. Ningeweza kungoja na mimi, mzinga ukapigwa picha yake, Mratibu akafurahi. Lakini saa sita tungekuwa njiani, na niliutaka huu mmoja niukwangue kwa mkono wangu.

Nikachukua kipande cha chupa, nikaupindua mzinga, nikaanza na pembe. Rangi ilikuwa bado mbichi, inatoka kama utepe. Mratibu alikuja mwenyewe kuniita.

“Unafanya nini? Unajua saa ngapi?”

“Nakwangua.”

“Nani amekuruhusu?”

“Mimi,” mama akasema kutoka jikoni. “Au bado si wangu?”

Mratibu akamtazama mama, akanitazama mimi, akaitazama saa. “Basi huu hautaingia kwenye picha,” akaniambia. “Na wewe pia.”

“Sawa, Mratibu.”

Aliondoka. Baadaye nikamsikia kule uwanjani anawapanga, warefu nyuma, mizinga mbele, vifuniko wazi, anahesabu moja, mbili. Nikamwonyesha mama namna ya kushika chupa isimkate, nikamwambia auanike juani mpaka pua isisikie kitu, ndipo aufukize. Akakaa upande wa pili, tukaendelea kukwangua, na vipande vya bluu vikatujaa kwenye khanga.