Kukata Madigadi ya Kikumi

Tuseme ukweli: Kikumi ni gari la kuchosha macho. Corolla ya zamani, kila dereva wa spesho, zile teksi za kukodi za Kampala, anayo au anaitafuta, na ndiyo maana Guerschom alinunua moja. Mapenzi hayakuwepo. Kikumi ambayo haijaguswa, ukiitangaza asubuhi, jioni ina mwenyewe mpya.

Kuuza haraka ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba yake pale Kyebando. Guerschom na mkewe Perpétue walikimbia kutoka Bukavu, na kesi yao ya kupelekwa Kanada iko njiani mwaka wa tisa sasa. Wakongomani wa mtaa ule wanayajua maisha hayo. Sofa bado imevaa nailoni ya dukani, katoni ya televisheni imewekwa juu ya kabati, hakuna kupigilia msumari ukutani. Ofisi ya wakimbizi ikiita leo, kesho vitu vinauzwa kama vipya.

Sasa mtu huyo huyo, kila akishafunga kibanda chake cha vitenge, alikuwa anaangalia rimu kwenye simu. Rimu tu. Alijua upana, alijua ipi ina nati nne na ipi tano, alijua mdomo upi umeingia ndani kiasi gani, wakati gari lake lenyewe linatembea na vyuma vyeusi na vifuniko vya plastiki. Huo si ugonjwa? Ni ugonjwa, lakini yapo mabaya zaidi.

Jumamosi moja akaenda Mengo kwa Komakech, fundi wa rimu, mtoto wa mwanajeshi aliyekulia kambini na mpaka leo anamwita kila mteja afande. Komakech alimtandikia chini seti tatu. Ya kwanza iling'aa kama sufuria ya harusi, Guerschom aliipita. Ya pili ilikuwa kubwa mno, tairi yake nyembamba kama mkanda, na Komakech mwenyewe alikiri shimo moja tu la barabarani litaipasua. Ya tatu ilikuwa ya kijivu, imechubuka, nati nne, katikati imezama kama bakuli. Guerschom alichuchumaa mbele yake, akapitisha kidole kwenye mdomo wake taratibu, akasahau kusimama.

Wakafunga mbili nyuma kujaribu. Zilikaa vizuri, ila zilichungulia nje, na gari likibonyea tairi zinasugua ukingo wa madigadi. Komakech hakuzunguka: ukizitaka hizi, ukingo unakatwa na madigadi yanavutwa nje. Hakuna kurudi. Na dereva wa spesho hagusi Kikumi iliyokatwa, ataona ni gari la wahuni.

"Afande, nakata ama sikati?" aliuliza, grenda mkononi. "Mimi iko na kazi ingine."

Angeweza kukata kwanza, msamaha baadaye. Wanaume wengi ndivyo wanavyofanya. Lakini lile gari ndiyo ilikuwa akiba ya wote wawili, ya kuanzia maisha mengine. Akampigia Perpétue.

Perpétue alifika kwa boda kutoka sokoni, amekunja uso, akalizunguka gari bila kusalimia mtu. Guerschom alikuwa ameshapanga maneno: wapo vijana wanaopenda magari ya hivi, mnunuzi hatakosekana. Hakupewa nafasi.

"Papa Benedicte, acha mambo ya kuuza," alisema, akimwita kwa jina la binti yao. "Kule Bukavu tulipaka nyumba rangi yenye nilichagua miye. Haikukauka vizuri, tukakimbia. Vitu ya kuuza hainiumizi. Ile yenye nilipenda njo inaniumiza mpaka leo. Sitaki ingine."

Miaka yote hiyo Guerschom alidhani mkewe analinda bei.

Alijibu polepole. Binti yao Benedicte amezaliwa hapa hapa, na hajawahi kubandika hata picha moja ukutani. "Tunamufundisha asipende kitu," alisema. "Akifika Kanada, huko kupenda atakujulia wapi? Wakiita, mama, hii gari tutaiacha. Itauma. Ikuume wewe, iniume na mimi."

Perpétue alimwangalia muda, akaiangalia rimu, akarudi kwenye boda yake. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Komakech, aliyekuwa anajifanya anatafuta spana, akakohoa. "Afande, huyo hajakataa. Mama yangu akikataa kitu, kambi yote inasikia."

Guerschom hakucheka. Alilishika bodi la gari kwa kiganja, kama mtu anayemtuliza ng'ombe, kisha akatikisa kichwa kukubali. Grenda ikalia. Cheche ziliruka mpaka mlangoni, na vipande vya ukingo vikaanguka chini kimoja kimoja, vya moto, visivyo na kazi tena.

Alifika Kyebando jioni kwa barabara ya Kalerwe, yenye mashimo na matope, mvua imetoka kunyesha. Kikumi ilisimama pana, imetanua miguu, na watoto wa jirani wakaikusanyikia. Perpétue alitoka na mikono yenye unga. Alisimama mlangoni kidogo, kisha akaja, akainama nyuma ya gari pale madigadi yalipokatwa. Mlango wa gari wote ulikuwa na matope.

"Inarusha uchafu," alisema.

"Ndiyo. Tairi zimetoka nje."

Akafuta rimu kwa upande wa mkono usio na unga, akaona rangi ya kijivu chini ya tope, akafuta tena kidogo.

"Kesho tukienda kanisani," alisema, "tusipite Kalerwe."