Matroni wa Kihambani

Harufu ya majani makavu ya migomba yaliyolowa mvua haina adabu, haibishi hodi. Juzi nilikuwa sokoni hapa Moshi, mama mmoja akifungua mkungu wa ndizi uliofungwa kwa majani hayo, na kabla sijauliza bei nilijikuta nina miaka kumi na mitatu, nimechuchumaa kihambani kwetu, shamba la migomba la ukoo kule Uru, moyo unanidunda kwa furaha. Nasema furaha kwa sababu nimeamua kuwaambieni ukweli. Siku ile nilikuwa nasubiri kumtisha mtoto wa baba mkubwa mpaka ajute kuzaliwa, na nilikuwa na furaha kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka ule.

Lakini ngojeni nianze Krismasi ya nyuma yake.

Mimi nililelewa na Bibi, mama yake baba, kwenye nyumba ya ukoo iliyozungukwa na migomba na mibuni. Mwaka mzima tulikuwa wawili tu na ng'ombe mmoja. Desemba ilipofika nyumba ilifurika. Baba wakubwa na baba wadogo walipanda kutoka Dar, Arusha na Mwanza na watoto wao, magodoro yakatandazwa mpaka sebuleni. Doreen alikuwa wa Dar, amenizidi mwaka mmoja. Kila mwaka tulilala kitanda kimoja, na kila mwaka nilihesabu wiki mpaka arudi. Nilimpenda. Bila hilo, haya mengine yasingetokea.

Mwaka huo alikuja na laptopu ya kaka yake, na ndani yake mlikuwa na gemu la kutisha. Unakuwa ndani ya shule ya bweni iliyohamwa, ukitafuta funguo sita ili utoke. Humo mlikuwa na Matroni, mwanamke mrefu aliyejifunika shuka jeupe usoni, anayezunguka korido akiimba wimbo wa kubembeleza mtoto. Wimbo ukiusikia, uko salama. Wimbo ukikatika, yuko nyuma yako.

Tulicheza mchana chumbani kwa Bibi, tumefunga mapazia na kutundika blanketi dirishani, watoto kumi na wawili, anayecheza kwenye kigoda, wengine tumejibana kitandani, jasho na harufu ya mafuta ya nywele vimetanda. Zamu yangu iliangukia Krismasi yenyewe, baada ya kanisa. Nilikuwa bado nimevaa gauni langu la njano lililoshonwa na fundi wa mjini. Doreen alinivika hedifoni mwenyewe, akanipapasa bega. Nilipata funguo nne, na hakuna aliyekuwa amepita tatu. Nikaanza kujiona mtu. Ndipo wimbo ukakatika.

Niligeuka, nikakutana na lile shuka limejaa kioo kizima. Nilipiga yowe ambalo Bibi alilisikia zizini, nikaanguka na kigoda changu, na pale sakafuni nikahisi joto likinishuka miguuni. Gauni la njano halifichi kitu. Walicheka mpaka wakaegemeana. Nilipoinua macho nilimwona Doreen amesimama, simu mkononi, ananirekodi. Alikuwa amerekodi tangu mwanzo.

"Nifutie," nilimwambia. "Dada Doreen, nakuomba, nifutie."

"Nitaifuta," alisema, machozi ya kicheko yakimtoka. "Ngoja kwanza waione."

Wakaiona wote. Simu ilizunguka uani mkono kwa mkono, nyama ikichomwa, na baba mdogo alicheka mpaka pombe ya mbege ikammwagikia shati. Kabla jua halijazama nilikuwa na jina jipya: Bomba. Wageni waliposhuka Januari waliniachia jina hilo, na watoto wa majirani wakalibeba mpaka shuleni. Nikinyoosha kidole darasani, mtu wa nyuma alitoa sauti ya maji yanayochuruzika. Mwaka mzima.

Bibi alikuwa na msemo wake: hasira ya mtoto ni kama moto wa maganda ya kahawa, huoni mwali, lakini ukikanyaga utajua. Aliusema akiniangalia mimi, nami nikajifanya nakoroga uji.

Sasa niwaambie kitu kingine. Kabla ya Krismasi ile, tukiwa tumelala, Doreen alininong'oneza siri. Alipokuwa chekechea, dada wa kazi alimfungia stoo kutwa nzima kwa sababu alikuwa analia. Tangu hapo mlango ukifungwa kwa nje, alisema, hewa inamwishia. "Usimwambie mtu," aliniomba. Sikumwambia mtu. Niliitunza siri ile kwa upendo wiki nzima, na baada ya gauni la njano nikaendelea kuitunza, ila kwa sababu nyingine.

Januari nilichukua daftari nikaanza kulihamisha lile gemu kutoka kwenye kompyuta kuja kihambani. Msifikiri ni kazi ndogo. Korido nilizipata tayari, njia nyembamba kati ya migomba, ambako ukungu wa alasiri ukishuka huoni hatua kumi. Wimbo ulinisumbua, maana hakuna mtoto anayeweza kuimba huku anakimbia. Nikachukua kengele ya mbuzi. Matroni angeivaa kiunoni: ikilia, tulia; ikinyamaza, ameishika kwa mkono na anakuja. Funguo zilikuwa visoda, vifuniko vya chupa za soda, vilivyotobolewa na kufungwa kwa nyuzi za mgomba.

Nililijaribu na watoto wa majirani siku za Jumamosi, na hapo nikakutana na tatizo kubwa. Kwenye kompyuta uko peke yako. Ukikamatwa, unaanza upya. Sisi tulikuwa wengi, na waliokamatwa mapema walichoka kukaa, wakaenda zao kuangua mapera. Nililiwaza jambo hilo wiki mbili. Siku moja nikiwa nakata majani ya ng'ombe, jibu likaja lenyewe: anayekamatwa anageuka. Anakuwa mtumishi wa Matroni, naye anawinda. Mwanzo mwindaji ni mmoja, kisha watatu, kisha kumi, mpaka abaki mtoto mmoja na wengine wote wanamtafuta.

Nilisimama na mundu mkononi nikacheka peke yangu. Nilikuwa nimeshajua huyo mmoja atakuwa nani.

Desemba ikafika. Doreen alishuka kwenye gari, amerefuka, akanikimbilia mikono wazi.

"Bomba!" alipaza sauti. "Jamani, umekua!"

Akanikumbatia kwa mapenzi yote. Hakuwa na kumbukumbu yoyote ya ubaya. Jina lile kwake lilikuwa utani wa nyumbani tu. Kama nilikuwa nimebakiwa na tone la huruma, lilikaukia pale pale getini.

Siku mbili baada ya Krismasi, Bibi alikwenda kumjulia hali jirani mgonjwa, watu wazima wakateremka mjini. Ukungu ulishuka mapema, kama niliuagiza. Niliwakusanya watoto, nikawaeleza sheria, nao wakarukaruka kwa hamu. Matroni nilimchagua Nasaeli, mtoto wa jirani, msichana mrefu mwenye miguu ya mbio, niliyefanya naye mazoezi. Tulikuwa tumepatana: Doreen aachwe mpaka mwisho. Na kisoda cha sita nilikuwa nimekitundika ndani ya kibanda cha babu cha mashine ya kumenyea kahawa, chumba cha mabati kisicho na dirisha, chenye komeo kwa nje.

Kengele ililia, ikanyamaza, mtu akapiga yowe. Mmoja. Ililia tena, mbali zaidi. Watatu. Nilijikamatisha mapema ili niwe huru, nikachuchumaa kwenye majani makavu, nikiwaona waliogeuka wakipita mmoja mmoja kwenye ukungu, kanga nyeupe zimefunika nyuso zao, wanaita kwa sauti ya chini kama nilivyowafundisha: "Doreeen. Doreeen." Kwanza alicheka. "Acheni bwana!" Kisha akaacha kucheka. Nilimsikia anakimbia, anateleza, anainuka. Alinipita karibu kiasi kwamba niliona tope kwenye kope zake. Akakiona kibanda, akakiona na kisoda kinaning'inia ndani, akaingia.

Nilinyanyuka bila haraka. Nilifunga mlango, nikasukuma komeo.

Watoto walifika wakazunguka kibanda. Sikuwaambia wapige mabati, lakini mmoja alipiga, kisha wote. Ilikuwa kelele ya mvua ya mawe.

"Aika!" Doreen aliita. "Aika, nifungulie, mchezo umeisha!"

Nikaegemea mlango.

"Aika, unajua. Wewe unajua! Nakuomba!"

Kweli nilijua, ni mimi peke yangu niliyejua. Niliweka mdomo kwenye ufa wa mlango nikamwambia, "Ngoja kwanza wasikie." Nilikuwa nimeyaandaa maneno yale miezi kumi na miwili, na nakiri mbele yenu kwamba yalikuwa matamu kama asali ya nyuki wadogo.

Baada ya hapo hakusema tena. Watoto walipiga, wakapiga, na ndani kimya. Nasaeli ndiye aliyeacha kwanza. Alivua kanga usoni, akaniangalia. "Mfungulie, Aika," alisema. "Huo siyo mchezo tena." Nami nilitaka, ila mkono haukuinuka. Nilikuwa nikisubiri nijisikie nimeshiba, na shibe haikuja.

Aliyefungua ni Bibi. Sijui alitokea wapi. Niliona tu fimbo yake ikiwasogeza watoto kando. Doreen alikuwa amekaa chini nyuma ya mashine, mikono masikioni, midomo ya kijivu, anavuta pumzi fupifupi kama kifaranga aliyeokotwa majini. Sketi yake ilikuwa imelowa. Kulikuwa na mwanga wa kutosha kwa kila mtu kuona, na watoto waliona, na wawili watatu wakaanza kucheka. Walikuwa walewale. Walionicheka mwaka uliopita ndio waliokuwa wakinitumikia leo, na nadhani mwaka unaofuata wangemtumikia yeyote mwenye kengele. Sikuwalipiza kisasi hao. Niliwapa karamu ya pili.

Bibi hakunichapa. Alichemsha maji, akaniita. "Mwogeshe dada yako," alisema. "Kisha hiyo sketi utaifua kwa mikono yako, siyo kuikanyaga kwa miguu."

Nilimwogesha. Alikuwa msichana wa miaka kumi na minne, amesimama kwenye beseni anatetemeka, akaniacha nimwogeshe kama mtoto mchanga. Hakunitazama. Nilipokuwa namsuuza mgongo alisema polepole, "Ile video niliifuta tukiwa njiani kurudi Dar, hata Same hatujafika. Kaka aliniambia ni vibaya."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilisahau."

Mimi nilikuwa nimeishi na video ile mwaka mzima, nalala nayo, naamka nayo. Badala ya kupoa, nikawaka upya. Nilimchukia kwa kusahau kuliko nilivyomchukia kwa kurekodi.

Jioni Bibi alinituma kwenye ua wa kihamba nikachume jani la isale. Wachagga tunajua uzito wake: ukimkosea mtu ukampelekea isale, hata kama ulimmwagia damu, hakatai kusamehe. Nilimpelekea Doreen jani lile kwa mikono miwili, magoti chini, Bibi akishuhudia. Alilipokea. "Nimesamehe," alisema, sauti imekauka. Nami ndani ya moyo nilisema: mimi bado.

Tulikua. Hakuja tena Krismasi mbili, baadaye akaja, tukasalimiana vizuri kama ndugu wanavyosalimiana mbele ya watu. Hatukulala tena kitanda kimoja.

Mwaka juzi ilikuwa send-off yangu, sherehe ya kuniaga kabla ya harusi, hapa hapa mjini. Ukumbi ulijaa: ukoo wote, washarika, watu wa kazini, wakwe zangu watarajiwa wamekaa mbele na sura za kupima. Mshereheshaji akatangaza kwamba dada wa bibi harusi ana neno. Doreen akanyanyuka, akapewa kipaza sauti.

"Mimi na Aika," alianza, "tumelala kitanda kimoja tukiwa wadogo. Kwa hiyo ninachomjua mimi, ninyi hamkijui."

Watu wakacheka. Akageuka, akanitazama juu ya kipaza sauti. Niliiona saa yake imefika. Na mimi, mtu mzima, nimepambwa, shela kichwani, nikaanza kutafuta haraka cha kumjibu: nitasema kuhusu ndoa yake iliyovunjika, nitalisema kwa utani, litauma. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni.

"Ni mtu anayeshika jambo mpaka mwisho," Doreen alisema. "Shemeji zangu, mmepata mke."

Vigelegele vikapaa. Alikuja akanifunga kitenge, akaniinamia sikioni. "Umekonda, mdogo wangu. Usiwaze sana. Kula." Akarudi kwenye kiti chake, akaendelea kuongea na jirani yake kuhusu kitu kingine kabisa.

Nilikaa pale na yale maneno yangu mdomoni. Mtoto wa miaka kumi na mitatu aliamini kwamba ukishalipa kisasi mnakuwa sawa, mambo yanaisha. Hakuna aliyemwambia kwamba kuanzia siku hiyo atamwangalia kila anayesimama mbele ya watu na kujiuliza kama leo ndiyo leo. Doreen aliposema amesamehe, alimaanisha, akaenda kuishi maisha yake. Miaka yote hiyo aliyekuwa akizivizia hatua za mwenzake ni mimi, na mwenzangu hakuwa hata anacheza.

Chakula kilipoanza kugawiwa nilishuka jukwaani, shela na yote, nikaenda mpaka meza yake. Nilisema neno moja ambalo lilipaswa kusemwa kwenye beseni: nisamehe. Aliacha kutafuna, akaniangalia muda mrefu, machozi yakimlengalenga. Kisha akauvuta mkoba wake kutoka kwenye kiti cha pembeni, akauweka chini, akanipisha nikae.