Siku Mbili kwa Wifi

Mtaani walimwita Fundi, na cherehani yake ndiyo iliyowaamsha majirani. Lakini ukimuuliza mwenyewe kazi yake angekujibu, "Kushona nashona nikipata nafasi." Kazi yake hasa ilikuwa mama mkwe. Mwaka wa tatu huo tangu kiharusi kimlaze yule mama, na Fundi ndiye wa kumwosha, kumlisha uji kwa kijiko, kumbadilisha nepi na kumgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda. Mumewe, dereva wa lori, akirudi safari husema, "Mungu atakulipa," kisha hulala.

Mwezi ule mgongo ukagoma. Fundi aliinama kuokota sindano, akabaki pale pale kama ndoana.

"Dada," daktari wa zahanati akamwambia, "usipopumzika, nyumba yako itahitaji vitanda viwili vya wagonjwa." Akamwelekeza kwenye nyumba iliyo nyuma ya zahanati, ambako Jumatano na Ijumaa hupokewa wagonjwa kama mama yule, asubuhi mpaka jioni, ili wanaowauguza nao wapate kupumua.

Wifi yake, binti pekee wa yule mama, aliposikia alikuja mbio hata viatu hakuvua.

"Mama yangu akaachwe kwa watu baki kama gunia? Watu watatuonaje?"

"Ni mchana tu, wifi. Mgongo wangu..."

"Damu nzito kuliko maji! Namchukua mwenyewe siku mbili. Wewe ulale mpaka uchoke kulala."

Fundi nusura ambusu. Alimwosha mama, akamvika gauni alilomshonea mwenyewe, lililo wazi mgongoni na kufungwa kwa utepe ili mgonjwa asiinuliwe inuliwe. Utepe akaufunga fundo lake la siku zote: mizunguko mitatu, ncha imefichwa ndani. Wateja wake hulilalamikia fundo hilo. Wengine humrudia awafungulie.

Siku ya kwanza kila baada ya saa mbili alishtuka, mkono ukipapasa kitanda kisicho na mtu. Siku ya pili alilala kama gogo, mwanawe mdogo akimpanda mgongoni asijue.

Alipokwenda kumchukua mama, manukato yalimpokea mlangoni.

"Wala hasumbui!" wifi akasema. "Sijui wewe ulikuwa unachoshwa na nini."

Chumbani dirisha lilikuwa limefungwa. Chini ya manukato kulikuwa na harufu nyingine, nzito, na nzi wawili waliokwisha kuwa wenyeji. Fundi akapitisha mkono mgongoni mwa mama na kukutana na utepe. Mizunguko mitatu, ncha imefichwa ndani. Fundo lake mwenyewe, la juzi.

Miaka mitatu uchafu wa mama haukuwahi kumtia kichefuchefu. Uchafu huoshwa ukaisha. Siku hiyo mate yalimjaa mdomoni. Alifungua fundo, akafungua na nepi, nayo ilikuwa ile ile aliyoifunga kwa mikono yake. Ngozi chini yake ilikuwa nyekundu, imeanza kuchubuka.

Mama akasema kwa upande mmoja wa mdomo, "Wananipulizia. Kama mende."

Wifi alisimama kizingitini, ncha ya mtandio puani. "Mimi harufu hizi siziwezi, wifi yangu. Kila mtu na kipaji chake. Wewe umejaliwa."

"Kumwosha mama yako ni kipaji?"

"Usinisute kwangu!"

"Niletee maji ya uvuguvugu."

Wifi alileta beseni kwa ncha za vidole, akalitua mlangoni, akarudi sebuleni. Fundi aliliburuta mwenyewe, mgongo ukimlilia, akamsafisha mama taratibu. Kutoka sebuleni akamsikia wifi akicheka kwenye simu: "Eeh, mama yuko kwangu! Utamwachia nani mama?"

Pale ndipo Fundi alipofungua dirisha akatema mate nje, yeye ambaye hajawahi kutema mate mbele za watu.

Gauni lile lilifuliwa mara tatu, manukato yakang'ang'ania. Akalikata matambara ya kudekia, akashona jingine.

Jumatano akamsukuma mama kwenye kiti cha magurudumu mpaka ile nyumba ya nyuma ya zahanati. Muuguzi alinawa mikono, akainama usawa wa uso wa mgonjwa kabla ya kugusa karatasi yoyote.

"Shikamoo, mama. Unapenda kukaa dirishani?"

Simu ikaita mfukoni: wifi. Ikaita tena. Fundi akaizima.

Muuguzi alihangaika na utepe, akacheka. "Nani kafunga kufuli hili?"

"Mimi. Vuta hii ncha ya ndani."

Kisha akaenda nyumbani, akalala, mwanawe ubavuni.

Jioni aliporudi, kabla hata ya salamu, alipitisha mkono mgongoni mwa mama. Gauni lilikuwa limefungwa fundo la ovyo, limekaa kombo, fundo ambalo hata mwanafunzi wa cherehani angelionea aibu. Lakini lilikuwa la mkono mwingine, na ngozi chini yake ilikuwa kavu, imepakwa mafuta.

"Haya mama, twende."

Mama akamtazama muuguzi, kisha yeye.

"Ijumaa?" akauliza.