Uzi Nyuma ya Mashine ya Kahawa

Mimi ni mshonaji, na nimewashonea watu wengi wasio na shukrani, lakini hakuna kitu ninachojutia kama vile vifungo vikubwa vya mashati ya shemeji. Vifungo vya koti la baridi, jamani, nilivitia kwenye mashati mepesi, na matundu nikayapanua moja baada ya jingine, kwa huruma tu. Hakuna aliyenishikia fimbo. Ngoja niwaeleze, ila mnivumilie, maana nikifika katikati damu huanza kunichemka.

Dada yangu ni fundi wa mashine za kahawa, zile za nyumbani ambazo unatia buni juu, unabonyeza, zinasaga zenyewe na kumimina kahawa kikombeni. Mtaani wanamwita Mama Mvuke. Chumba chake cha mbele hakina kiti cha mgeni. Kila unapogeuka, unakuta mashine iliyofunguliwa mgongo, na ukikaa bila kuangalia unainuka na skrubu kwenye sketi. Mimi nakaa chumba cha nyuma na cherehani yangu. Kazi ile alifundishwa na mumewe, na hapo simnyimi shemeji haki yake, alikuwa fundi kweli. Alikuwa anatia mkono nyuma ya mtungi wa kuchemshia maji, mahali ambapo vidole viwili tu vinapenya, anafunga uzi juu ya kiungo cha mrija, mizunguko mitatu, halafu mkia wa uzi anauchomeka chini usionekane. Klipu za kiwandani zikishafunguliwa mara moja hulegea. Fundo lake halikulegea. Dada alijaribu kujifunza akashindwa, akabaki na klipu zake mpya.

Siku moja mezani mikono ikaanza kumtetemeka, kikombe kikamponyoka. Daktari akampima, hakuona kitu, akamwambia apumzike kwanza. Shemeji akapumzika. Akaendelea kupumzika, na kupumzika, mpaka mashine zote, wateja wote, na mapipa ya maji ya kujaza yakawa ya dada. Na dada hakulalamika hata siku moja. Mteja akija, anamwambia, "Mzee amenielekeza jinsi ya kuifanya," ili mumewe asionekane hafai. Mzee yuko ndani, miguu juu ya stuli!

Kila asubuhi shemeji alisimama kwenye mlango wa chumba chao, kifua wazi, mikono inaning'inia. "Mama, vifungo." Dada anaacha alichoshika, anakwenda, anamfunga kuanzia chini kwenda juu. Nikapendekeza nimshonee mashati ya zipu. Aka! "Mimi mtu mzima nivae zipu, nimekuwa mtoto wa chekechea?" Basi ndipo nikaja na wazo la vifungo vikubwa, labda ataweza mwenyewe. Nikanunua na uzi mnene wa kuvishonea. Dukani nilichagua kwenye mwanga mbaya, nilipofika nyumbani nikaona rangi yake ni njano ya ajabu, njano ya mgonjwa, haiendi na nguo yoyote duniani. Nikautumia hivyo hivyo. Hata hivyo vifungo vilimshinda. Alijaribu mbele yetu, jasho likamtoka, machozi yakamlenga, dada akamwambia basi, baba, acha.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe. Dada ana binti mmoja tu, ameolewa mji wa mbali, safari ya basi kutwa nzima. Binti akajifungua. Mjukuu wa kwanza! Dada akafungasha begi siku ileile. Shemeji akakaa kitandani akasema kwa sauti ya chini, "Nenda tu, mama. Mimi nitakaa hivihivi kifua wazi. Watu watacheka, watachoka." Nani angeondoka baada ya maneno kama hayo? Nikajitolea mimi kubaki naye. Akanikatiza: "Shemeji anifunge vifungo? Tutaeleweka vipi?" Begi likasukumwa chini ya kitanda. Kila lilipovutwa nje, mikono ilizidi kutetemeka.

Kwa hiyo mjukuu amekua ndani ya simu. Ametoa meno ndani ya simu, amesimama ndani ya simu, sasa anakimbia. Anamwita dada "Bibi Simu". Dada anaegemeza simu kwenye mashine mojawapo, anaongea naye huku bisibisi iko mkononi, na wakimaliza anafuta kioo kwa kanga, maana mtoto akibusu upande wa kule, naye anabusu upande wa huku. Niliwahi kumwambia, wewe dada utazeeka bila kumbeba yule mtoto. Akanijibu, "Mume wangu mikono yake ikipona hata kidogo, nakwenda." Hilo ndilo lilikuwa ombi lake asubuhi na jioni.

Juzi tu hapa akapigiwa simu na daktari wa meno, mama mmoja anayekaa upande wa pili wa mji. Mashine yake inasaga, inanguruma, lakini kikombeni yanashuka matone mawili matatu ya maji meusi, na maji mengine yote yanajaa kwenye trei ya chini. Huyo mama alikuwa anatafuta na mtu wa kumshonea mapazia, kwa hiyo tukaenda wote wawili, dada na sanduku lake, mimi na futi yangu ya kupimia shingoni.

Dada huwa hakimbilii kufungua. Kwanza aliiambia mashine itoe maji ya moto matupu. Yakatoka, yanafuka, kwa nguvu. Akatikisa kichwa akanambia, "Pampu nzima, mtungi mzima. Ugonjwa uko mbele." Akafungua ubavuni, akachomoa kile kichwa kinachoshindilia kahawa, akakiosha, machicha yakajaa sinki. Akapitisha kidole kwenye mpira wa duara unaokizunguka, ukapasuka hapohapo kwa ukavu. "Umeona? Maji yanapita pembeni badala ya kupita kwenye kahawa." Akavisha mpira mpya, akaupaka mafuta, akarudisha, akabonyeza. Kahawa ikashuka nzito, ina povu, harufu ikajaa jiko zima. Mwenye nyumba akapiga makofi.

Mtu mwingine angefungasha hapo akaondoka. Dada akaweka karatasi ya jikoni chini ya mashine, akasubiri. Doa dogo la maji likatokea. Akaigeuza, akafungua mgongo, akamulika na tochi nyuma ya mtungi. Tochi ikabaki palepale.

Nikadhani amepigwa na umeme. Nikasogea nikachungulia pale kwenye mwanga wa tochi. Haki ya Mungu! Kiungo cha mrija kilikuwa kimefungwa uzi. Mizunguko mitatu, mkia umechomekwa chini. Na uzi wenyewe wa njano. Njano ya mgonjwa, njano yangu mimi, niliyoinunua kwa ajili ya vifungo vya mtu asiyeweza kushika kifungo!

Lile fundo lilikuwa kavu kabisa. Tone lilikuwa linatoka kiungo cha pili, upande wa mwisho wa mrija. Dada akaligusa fundo kwa ncha ya kidole, akaligusa tena.

Mwenye nyumba alikuwa anamimina kahawa na kupiga soga, hana habari. "Fundi wangu wa kwanza alikuwa mzuri sana, mstaarabu. Tatizo simu yake siku hizi haipatikani. Nadhani ni yule mkewe, masikini."

"Mkewe ana nini?" Hiyo ilikuwa sauti yangu, ingawa sikuitambua.

"Mikono inamtetemeka. Hata kifungo hawezi kujifunga, mumewe ndiye anamvalisha kila asubuhi. Kazi zote za nyumba zimemwangukia yeye. Alinieleza hapahapa, akinywa kahawa, nikatokwa na machozi. Wanaume wa namna ile wamebaki wachache. Nikampa na mafuta ya kuchua, yale ya kopo la kijani, ampelekee mgonjwa."

Kopo la kijani! Jamani, kopo la kijani liko nyumbani kwetu, kwenye kidirisha cha chumba chao. Alikuja nalo akasema wamempa kliniki, kule alikokuwa anakwenda mchana kufanya mazoezi ya vidole. Na kila jioni dada, baada ya kuinama kutwa nzima kwenye mashine za watu, alikaa kwenye mkeka akamchua mikono yote miwili kwa mafuta yale, kidole kwa kidole, mpaka mzee anasinzia. Nilifungua mdomo nitoe yote yaliyonijaa, niseme huyo fundi mstaarabu ni nani na mgonjwa wake ni nani. Dada akanikanyaga mguu, tena kwa kisigino.

"Huyo mke," akasema, anatafuta koleo kwenye sanduku, "nasikia amepona."

"Oh, tushukuru Mungu!" akasema daktari wa meno.

Dada akaung'oa mrija wote, akaweka mpya, akakaza klipu mbili, akaweka karatasi nyingine chini. Safari hii ilibaki kavu. Ule mrija wa zamani pamoja na fundo lake akautia mfukoni mwa gauni. Mapazia sikupima, vipimo vyenyewe nilikuwa sivioni.

Njiani nilisema mimi peke yangu. Nilisema changa la macho, nilisema kufanywa wajinga ndani ya nyumba yetu wenyewe, nilisema nikifika namkata vifungo vyote kwa mkasi akiwa amevaa. Ile bisibisi ndogo tuliyoitafuta mpaka tukahamisha kabati, kumbe iko mfukoni mwa mgonjwa! Dada alikuwa anatembea tu. Tulipofika kwenye kona yetu akasimama akanishika mkono.

"Wewe nyamaza," akasema. "Vifungo ni vyangu."

Jioni ile akamchua mikono kama kawaida. Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, maana ningebaki mle ndani ningesema. Niliporudi alikuwa bado ameshika kiganja cha mumewe, anakitazama kwenye taa, na mzee anakoroma. Kilikuwa kimetulia tuli.

Asubuhi nikasikia, "Mama, vifungo."

Dada alikuwa chumba cha mbele, amevaa gauni la safari, begi liko miguuni. Hakuinuka. Shemeji akaja mwenyewe, kifua wazi, mikono inacheza vizuri sana. Akaliona begi. Kisha akauona mrija, umewekwa mezani palipo peupe, fundo la njano limetazama juu.

Sijui kama mmewahi kuona mtu akipauka. Na kilichonitisha zaidi ni kwamba mikono iliacha kutetemeka hapohapo, kama mashine iliyochomolewa. Akakaa juu ya sanduku la vyombo vya kazi.

"Ilikuwa kweli, mama," akasema. "Mwanzoni ilikuwa kweli. Naapa."

"Najua ilikuwa kweli," dada akamjibu. "Kikombe nilikiokota mimi. Iliisha lini?"

Akaanza kuzungusha maneno. Alikuwa amechoka, wateja walikuwa wanamsumbua tangu ujana, alipopona aliona nyumba imetulia, kila mtu anamjali, akasema atasema kesho, na kesho yake akaona haya. Zile kazi za pembeni zilikuwa mbili tatu tu, za kukumbusha vidole. Dada akamwacha mpaka akaishiwa.

"Nimekuuliza iliisha lini."

Shemeji akatazama sakafu. "Kabla mtoto hajazaliwa."

Nilimwona dada akishika ukingo wa meza. Hakupiga kelele. Mimi ndiye niliyepiga kelele, na niliyoyasema sitayarudia hapa, majirani wanayakumbuka. Yeye alilia kidogo, machozi ya haraka, akayafuta kwa kiganja kilekile chenye mafuta ya mashine, akabaki na alama nyeusi shavuni. Kisha akasema, "Ungenichosha kwa lolote. Ungesema hutaki kazi, ningekulisha. Lakini mtoto amejifunza kutembea, baba. Ametembea mimi sipo, nakufunga wewe vifungo."

Teksi ikapiga honi. Akabeba begi lake mwenyewe, akanikataza nisilishike. Alipotoka mlangoni shemeji akazinduka, akasimama, akaita, "Mama! Subiri! Mama!" akamfuata nje. Barabarani palikuwa na watu, duka la jirani limefunguliwa, wanafunzi wanapita, na dereva ametoa kichwa dirishani. Mzee wetu tangu zamani hapendi kuonekana ovyo mbele za watu.

Akamfikia kwenye mlango wa gari, anahema, anaomba, anasema nisamehe, kila mtu anasikia. Dada akageuka. Alimtazama shati, kuanzia chini kwenda juu, polepole, nami nikafuata macho yake. Kutoka mlango wetu mpaka kwenye teksi, anakimbia, analia, bila hata kutazama, mtu yule alikuwa amefunga vifungo vyote mwenyewe, hata cha shingoni.

"Umependeza," dada akamwambia, akaingia ndani ya gari.