Fundi wa Redio ya Kambini

Fundi wa redio ya kambi ya wakimbizi hupuliza vidole kabla ya kugusa kompyuta, kama mtu anayeipua chungu. Kila Linux, mfumo unaoiendesha kompyuta hiyo, inaposasishwa, programu ya sauti na maktaba ya msimbo inayoitegemea huacha kuelewana, mashine ikawa bubu. Naye huirudisha maktaba ya zamani, akinung'unika kwa Kirundi. Mama mmoja, Speciose, alifika siku ya nne baada ya tangazo alilorekodi kwa sauti yake la kumtafuta bintiye aliyepotelea mpakani, kuuliza mbona hakuna jibu.

"Lilitoka Jumatatu, mama," mtangazaji akasema. "Labda bintiyo hakutaki."

Fundi akavua kofia. "Halikusikika, mama. Nilisasisha mimi, sauti ikakatika."

Wote waliowahi kumkosea Speciose walikuwa na maelezo marefu. Huyu alikiri kwa maneno machache, akapuliza vidole. Speciose akavuta kiti karibu na spika.

"Lirushe. Sitoki hapa mpaka nijisikie nikimwita."